Kwenye kadi yangu msiandike "mkulima"

Mhariri,

Nimetibiwa kifua kikuu mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nacho. Mara ya pili sikuwa nacho, lakini nilimeza vidonge miezi sita bila kuruka hata siku moja, maana mimi nikiambiwa meza, nameza. Gazeti lako hunifikia likiwa la juzi, kutoka ofisi anayofanya usafi binti yangu, nami hulisoma lote mpaka matangazo ya zabuni. Kila Machi inapokaribia tarehe 24, siku ya kifua kikuu duniani, nakuta habari ya kutuhimiza wenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi twende tukapime. Ni habari njema, muendelee kuiandika. Mimi naomba nafasi niseme ya wale waliokwenda, wakapimwa, wakatibiwa, na bado wanahema.

Nina miaka 54, nakaa pembezoni mwa jiji la Dodoma. Tangu 2004 mpaka 2021 nilikuwa naponda kokoto. Kwa wasioijua kazi hiyo, mwamba hauanzwi kwa nyundo. Wanaume kwanza wanauchoma. Wanapanga magogo juu yake, na magogo yakiwa adimu wanachoma matairi mabovu, moto unashinda na kukesha mpaka mwamba unapiga mlio na kuachia mapande. Moshi wa tairi mnaujua. Mapande yakipoa yanagongwa kwa nyundo kubwa mpaka yawe ya kubebeka kichwani, ndipo yanatufikia akina mama. Nilikuwa nakaa chini juu ya kiroba cha mchanga, miguu nimeinyoosha, mbele yangu jiwe la kupondea. Mkono wa kushoto nashika duara la mpira wa tairi, linazuia kipande kisiruke kikanitoboa jicho. Wa kulia nyundo. Kila pigo linatoa kokoto na linatoa unga. Kokoto nauza kwa ndoo, kwa toroli, siku ya bahati lori zima. Unga narudi nao nyumbani, kwenye nywele, kwenye kanga, na huko kwingine ambako sikuwa nakujua.

Kazi ilikuwepo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa 2007 na majengo yake yakaanza kupanda, tulidhani hakuna ujenzi mkubwa kupita ule. Kumbe bado. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza serikali inahamia Dodoma kwelikweli, 2018 tukawa jiji, na kule Mtumba wizara zikaanza kuota kama uyoga wa masika. Malori yalikuwa yanatukuta tunakunywa chai ya asubuhi. Sisemi kwa majivuno, au labda kidogo: nikipita kwenye bajaji huwa namwonyesha mjukuu, lile pale, kwenye msingi wake nimo.

Nikaugua 2014. Kikohozi, jasho la usiku mpaka shuka inakamulika, kilo 61 zikawa 48. Makohozi yalipopimwa, vimelea vikaonekana. Miezi miwili vidonge vyenye dawa nne ndani yake, miezi minne vyenye mbili, mwisho wakapima tena, wakaandika amepona. Sina lalamiko hata moja juu ya matibabu yale. Nesi aliyekuwa akinipa dawa alikuwa akinisalimia "Mbukwa" kwa Kigogo kibovu kabisa, si Mgogo yule, ili nicheke kabla sijameza. Ila hakuna aliyeniambia kwamba kupona maana yake mdudu amekufa. Pafu lililoliwa na mdudu halioti upya. Linabaki na makovu, na makovu hayapitishi hewa.

Sasa ile kadi ya matibabu. Jina, umri, jinsia, kijiji, kazi. Hapo kwenye kazi paliandikwa "mkulima". Aliyejaza hakuniuliza. Aliziangalia ndala zangu, akaandika. Na uongo hakuandika, mvua ikinyesha nalima uwele na karanga. Lakini mvua ya Dodoma mnaifahamu: inaanza Desemba kwa kusuasua, Aprili imekwisha, na mwaka ukiwa mbaya hata Aprili haifiki. Miezi minne mkulima, minane mponda kokoto. Wameandika theluthi moja ya mtu.

Miaka mitano baadaye ndoo ikaanza kunishinda. Siyo mgongo, pumzi. Naipandisha kichwani, hatua ishirini, naitua. Kikohozi kikavu, hakina makohozi ya kutosha hata kupima. Nikaenda zahanati, nikapewa vidonge vya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, vilivyonitetemesha mikono mpaka nikajipiga nyundo ya kidole. Nikanywa maziwa. Hapo nicheke kidogo mwenyewe: miaka yote kule mlimani tunaaminishana kwamba maziwa yanasafisha vumbi kifuani, na mimi nusu lita kila jioni nilikuwa nainunua hata siku ambayo mboga ni mlenda mtupu. Binti yangu ndiye aliyekuja kuniuliza siku moja, kwani mama, maziwa yanapita njia ya hewa? Yangepita huko ningekuwa nimekufa zamani. Ng'ombe wa jirani ndiye aliyefaidi.

Ikafika 2020, na wote mnakumbuka kukohoa ndani ya daladala mwaka ule kulivyokuwa. Nilishushwa kwa macho. Nilijifukiza majani ya kila mti uliopo Dodoma. Mwishowe nikaenda kituo kimoja cha afya, wakanipiga picha ya kifua, picha ikaonyesha madoa. Makohozi wakapima mara mbili, mara ya pili kwa ile mashine inayotafuta vinasaba vya mdudu. Hakuna kitu. Wakapima ukimwi, hakuna. Lakini picha ina madoa, nilishawahi kuugua, basi ni kifua kikuu kimerudi, anza dozi. Sitaki kumsimanga daktari yule. Kifua kikuu kisichoonekana kwenye makohozi kipo kweli, na kumwacha mtu nacho ni hatari zaidi. Lakini kifua kilichowahi kuugua picha yake huwa na madoa miaka yote, hata mwenyewe akiwa mzima kama ng'ombe dume. Angeniuliza swali moja tu, pengine angesita. Alifungua kadi ya zamani, akanakili. Kazi: mkulima.

Miezi sita. Nyumba nzima ikapimwa, jirani akaanza kunitengea kikombe, kikombe cha bati chenye doa jekundu, nakiona mpaka leo. Dozi ikaisha, nahema vilevile, pengine zaidi, kwa kuwa nikijisikia nafuu kidogo narudi mlimani.

Mwaka uliofuata nikapewa rufaa. Daktari alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa pili. Hakuanza na picha. Alinishika mkono kupima mapigo, akaugeuza, akaangalia sugu za kiganjani na kile kidole nilichojipiga, kucha imeota kwa upande. Akasema, "Shikamoo tena, mama. Hii kadi inasema mkulima. Jembe halifanyi sugu hapa. Unafanya kazi gani?"

Mhariri, nilikuwa nimekwenda kwenye vituo vya afya, nikihesabu, zaidi ya mara thelathini. Lile swali lilikuwa la kwanza.

Akanipeleka kwenye mashine ya kupuliza, wanaiita spairometa. Pua inabanwa kwa kibanio, unavuta pumzi mpaka mwisho, unaweka mdomo kwenye mrija, unapuliza kwa nguvu zote na kuendelea kupuliza hata ukiona hakuna tena cha kupuliza, huku kijana wa mashine amesimama pembeni anakupigia kelele kama shabiki wa mpira: toa, toa, toa, bado, bado! Mara tatu. Halafu unavutishwa dawa, unasubiri robo saa, unarudia. Haidungi sindano, haitoi damu. Ikanionyesha kwamba hewa ambayo mapafu ya mtu mwenye afya huitoa sehemu yake kubwa kwenye sekunde ya kwanza, mimi natoa chini ya nusu, iliyobaki inatoka kwa kujivuta kama maji ya bomba la mtaani kwetu. Picha ya zamani na mpya zikawekwa pamoja. Jibu likaja na majina mawili: silikosisi, ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mawe, na njia za hewa zilizoziba kwa muda mrefu, pamoja na makovu ya kifua kikuu cha kwanza. Mdudu wa sasa hakuna.

Alinieleza kwa lugha ninayoielewa, nami naieleza kama nilivyoipokea. Milima yetu hii ni mawe ya granaiti, na granaiti ina madini mengi yaitwayo silika. Ukilipasua jiwe, vumbi unaloliona likipepea si lenye hatari kubwa. Hilo linanasa puani na kooni, unalitema. Linaloumiza ni dogo kiasi cha kutoonekana, linashuka mpaka vyumba vya mwisho vya pafu. Askari wa mwili wanakwenda kulimeza kama wanavyomeza vijidudu, lakini jiwe halimeng'enywi. Askari anakufa, jiwe linabaki, anakuja mwingine, naye anakufa, na kila palipokufa askari panaota kovu. Ukiacha kazi, makovu yanaweza kuendelea, kwa sababu jiwe bado limo. Dawa ya kulitoa haipo. Na pafu lenye silika linakuwa shamba zuri la kifua kikuu kuliko pafu lingine, kwa hiyo hata kile cha 2014 pengine hakikuja chenyewe, mimi ndiye niliyekitengenezea njia kwa nyundo. Akaongeza kwamba vumbi hili tangu 1997 liko kwenye orodha ya dunia ya vitu vinavyosababisha saratani. Hapo nilimwomba tupumzike kidogo.

Nilipomuuliza kwa nini wenzake hawakuniuliza kazi, hakuwasema vibaya. Alisema zaidi ya miaka 300 iliyopita daktari mmoja wa Italia, Ramazzini, aliwaomba madaktari waongeze swali moja kwenye maswali wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Akacheka, akasema barua yake bado iko njiani. Nimeamua kuisukuma.

Watu watasema mngevaa barakoa. Tulivaa kanga mdomoni, na baada ya 2020 tulivaa barakoa za kitambaa. Vumbi hilo linapita kwenye kanga kama mbu anavyopita dirisha lisilo na wavu. Zipo barakoa zinazozuia, zinazobana uso kotekote, na bei yake ukiilinganisha na ndoo ya kokoto unaamua kula. Watasema mngelowanisha mawe, na hilo ni kweli kabisa, jiwe lililolowa halitoi unga mwingi, ndivyo inavyotakiwa. Jamani, tuko Dodoma. Septemba upepo unavuma, chamchela zinatembea uwanjani kama watu, dumu la maji nalinunua kwa mkokoteni, nalo ni la kupikia, kunywa, na kuogesha watoto. Nilimwagie jiwe? Kwenye kresha, zile mashine kubwa zenye mabomba yake ya maji, inawezekana na wengine wanafanya. Lakini nimekaa pia jirani na kresha inayosaga kavu, ukungu wake saa nne asubuhi unafanya madereva wawashe taa, na sisi wa nyundo tuliwekwa upande ambao upepo unaelekea. Mwenye mashine, ukisoma hapa utajijua.

Mdogo wangu alikwenda Mererani kutafuta tanzanaiti, akarudi bila tanzanaiti na akiwa na kifua kama changu. Yeye alifika Kibong'oto, ile hospitali ya siku nyingi ya kifua kikuu kule Siha, na anasema kabla hajakaa vizuri kwenye kiti alishaulizwa amechimba miaka mingapi na kama walikuwa wakichoronga kavu. Huko wamezoea mapafu ya wachimbaji. Sisi wa kokoto tuko wengi pia, ila hatuna tanzanaiti wala dhahabu ya Singida ya kutufanya tuhesabiwe. Tuna mawe ya kawaida tu.

Na bila neno lile kwenye kadi, hesabu haipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, ulianza kazi 2015, na ugonjwa uliotokana na kazi unafidiwa. Lakini ni kwa aliyeajiriwa, ambaye mwajiri anamchangia. Mwajiri wangu ni nani? Dereva wa Fuso? Mkandarasi ambaye sikuwahi kuona uso wake? Najua silipwi na siandiki barua hii kudai hela. Ila vijana walioajiriwa kwenye kresha wanayo haki hiyo, na nao wakienda hospitali wanaandikwa wakulima. Atakuja kudai nini mtu ambaye karatasi zake zote zinasema alikuwa analima? Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walianza mwaka 1995 mpango wa kuitokomeza silikosisi ifikapo 2030. Binti yangu aliponisomea hilo kwenye simu nilimwambia arudie ule mwaka.

Nisije nikaonekana nawatetea waponda kokoto peke yao. Yuko shoga yangu, hajawahi kushika nyundo wala sigara. Miaka 25 amepika pombe ya mtama kwa kuni, pipa zima, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na kabla ya hapo alikulia kwenye tembe la mama yake ambako moshi ulikuwa unatoka kupitia mlango uleule wanaoingilia watu. Nilimburuta nikampeleka kwenye mashine ya kupuliza. Njia zake za hewa zimeziba kuliko zangu. Kwa miaka sita alikuwa akitibiwa pumu na nimonia kwa zamu. Kadi yake? Mama wa nyumbani. Ule mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034, na mtungi mdogo wa gesi tayari anao, wa kugawiwa. Anachemshia chai. Maharage na pombe bado ni kuni, kwa sababu mtungi ukiisha hakuna wa kugawa mwingine.

Mimi sasa naishi na inhela mbili, vile vikopo vya kuvuta dawa kwa mdomo. Mtaani wanaiita pampu, na wanaamini ukianza pampu ndiyo safari ya kaburi, kwa hiyo mwezi wa kwanza nilivutia chooni kama mwizi. Nesi wa kliniki alinikatia chupa ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako inhela ikaingia, mdomo wa chupa ukawa wa kuvutia, na dawa ikaanza kufika kifuani badala ya kuishia kwenye ulimi. Chupa ya kuokota! Hiyo peke yake imenipa hatua mia. Natembea kila asubuhi mpaka kwenye mbuyu na kurudi, nikihema kwa midomo iliyobanwa kama ninayepuliza uji wa moto, ndivyo nilivyofundishwa. Miezi michache iliyopita nilikuwa naishia kwenye duka.

Ninachoomba kwa wahusika ni kidogo. Anayejaza kadi aulize kazi, na akiambiwa nalima aulize tena, na kiangazi je? Mgonjwa wa kifua kikuu anapoandikiwa amepona, kabla hajaenda zake apulizishwe ile mashine, ajue anaondoka na pafu kiasi gani. Na mashine yenyewe isiwe ya hospitali ya rufaa tu. Niliingoja miezi mitatu na niko hapahapa jijini. Wa Kondoa, Mpwapwa na Manyoni sijui wanaisikia kwa nani.

Pale mlimani kiroba changu cha mchanga anakikalia mke wa mwanangu. Nilimkataza, akaniuliza watoto watakula nini, nikanyamaza. Mwezi uliopita alianza kukohoa, nikamsindikiza kituoni mwenyewe ili safari hii mambo yaandikwe sawasawa. Siku hizi hawajazi kadi kwa kalamu, wana kompyuta. Kijana wa mapokezi akauliza jina, akauliza umri, halafu nikaona anataka kuruka, nikamwambia mwanangu, kazi hujauliza. Mponda kokoto, andika hivyo. Akatafuta, akashuka, akapanda. Akanigeuzia kioo nione mwenyewe kwamba hiyo haimo: kuna mkulima, mfugaji, mfanyabiashara, mtumishi, mwanafunzi. Tukakubaliana abonyeze "nyinginezo".

Mponda kokoto mstaafu,
Dodoma
(Jina langu kamili unalo, Mhariri, naomba usilichapishe, mkwe wangu bado anauza kokoto pale.)